Nilivyopeleka rimu za Benzi ya Baba kwa Fundi Saa wa Mombo, na nilichokikuta ndani ya buti

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa bondeni na wa milimani.

Jukwaa hili nimelisoma miaka mingi kuliko nilivyolichangia. Leo nina la kwangu. Nilichokiona kwa macho nitaandika nimekiona, na nilichoambiwa nitaandika nimeambiwa. Mkifika mbele mtaelewa kwa nini nimejiwekea sharti hilo.

Mimi ni mwanamke, mpima ardhi, naishi Lushoto. Kazi imenizoesha kutembea na daftari, kwa hiyo mtanivumilia nikiingia kwenye vipimo.

Baba ana Benzi. Ile ya zamani, ya taa mbili za duara zilizokaa nyuma ya kioo kimoja. Aliinunua kwa daktari wa misheni aliyekuwa anarudi kwao, mimi sijaanza hata shule. Rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo.

Lakini kilichokuwa kinawasimamisha watu ni rimu. Za aloi, za tangu kiwandani, zina vitundu vinavyozunguka ukingo mzima kama chujio. Leo tunaita sport rim. Wakati ule Lushoto hapakuwa na jina, watu walisema tu "zile za mzee".

Na zile za mzee zilikuwa na mtunzaji wake. Mama.

Siku moja kabla ya kila Idd, baada ya alasiri, Mama alikuwa anakaa kwenye kigoda na beseni la majivu, ndimu, na kipande cha gunia. Anasugua rimu moja baada ya nyingine kama anavyosugua sufuria za shughuli. Baba anamchekechea majivu yawe laini. Mama anaimba. Kesho yake gari linashuka msikitini, rimu zinawaka hadi unajiona pua.

Nimekua naona hivyo. Hakuna aliyewahi kusema kuna kosa.

Miaka miwili iliyopita tairi la nyuma kushoto likaanza kuamka limekaa chini. Unalijaza upepo jioni, asubuhi limelala. Wa pancha akasema tairi ni zima, tatizo rimu. Akatia tyubu. Siku moja Baba anapanda kutoka Soni, usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Akafika nyumbani taratibu, akaliegesha, akaweka jiwe nyuma ya tairi kama tunavyofanya wote huku milimani, na gari halikutoka tena.

Nikamwambia tununue rimu nyingine, za kuiga zipo tele.

"Gari langu halivai viatu vya watu wawili," akasema.

Hapo ndipo alipoingia bwana mmoja wa Tanga anayekusanya magari ya zamani. Akawa anapiga simu kila Ijumaa. Baba akawa hakatai wala hakubali. Mwezi wa tatu wa simu hizo, akaniita mimi na Mama akatoa hukumu.

"Zipeleke kwa fundi unayemtaka. Rimu nne zikirudi nzima, gari linabaki hapa. Zikirudi tatu, namwita yule bwana aje alichukue."

Mama alikwenda kusimama karibu na gari, akaweka mkono kwenye boneti kama mtu anayempima mtoto homa.

Basi wakuu, hilo ndilo lililokuwa mikononi mwangu. Nne, au gari liondoke.

Nikaulizia. Dereva mmoja wa lori la kabichi akanielekeza kwa fundi aliyeko Mombo, anaitwa Fundi Saa. Nikampigia, nikaanza kumweleza dalili. Akanikatiza kwa upole.

"Dada, mgonjwa hapimwi kwa simu. Mlete."

Tukaliinua gari kwa jeki, tukalikalisha kwenye magogo manne ya mkaratusi. Kabla ya kutoa tairi niliandika kila moja kwa chaki: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia. Nikapakia kwenye Noah ya jirani, tukashuka.

Mnaoijua Mombo mnajua: ukitoka kwenye baridi yetu unaanza kuvua sweta kona ya tatu, ukifika chini unatafuta maji. Karakana ya Fundi Saa ni banda la bati, sakafu ya saruji imefagiliwa hadi inang'aa. Yeye ni mtu wa rika langu, mrefu, ana miwani iliyofungwa uzi. Akanisalimia kwa Kishambaa, "Onga mshi," nikajua ni wa kwetu.

Nikamuuliza mbona kazi nzuri hivi anafanyia bondeni.

"Ukungu," akasema. "Rangi ya mwisho haipendi ukungu. Nilijaribu Lushoto mwaka mzima, rimu zikawa zinatoka na utando mweupe kama jicho la mzee. Nikashuka na vyombo vyangu. Mke alibaki kwenye baridi, mimi nimefuata rangi."

Jina la Saa amelipata kwa kifaa chake. Ni kidude kama saa ya mkononi, kina mshale na ncha ndogo ya chuma. Anafunga rimu kwenye mhimili, anagusisha ile ncha kwenye ukingo, anazungusha rimu kwa kidole. Mshale ukitulia, rimu imenyooka. Ukicheza, anaweka alama ya chaki pale ulipochezea. Mimi nashinda na vifaa vya kupimia, na nawaambia mkono ule ni mtulivu kuliko wa wapimaji wengi ninaowajua.

Alizikagua zote nne bila kuniuliza swali, kisha akasema:

"Mwenye gari hili ni mtu mpole."

"Umejuaje?"

"Rimu za kushoto zimekwaruzwa na ukingo wa mtaro. Za kulia safi. Huyu anapisha malori. Anayepisha ndiye anayekwaruzika."

Nikaandika hiyo kwenye daftari.

Kazi yenyewe inakwenda hivi, kwa kifupi. Tairi zinatolewa kwa mashine, hakuna nyundo wala mtalimbo. Rimu inapakwa dawa ya kubandua rangi. Kwetu zilitoka tabaka tatu za silva ya kopo, ambazo Baba alikuwa anapuliza mwenyewe tangu gari liegeshwe. Halafu inapulizwa kwa unga laini wa kioo kwa kompresa, hadi ibaki aloi tupu yenye rangi ya wingu.

Hapo ndipo nilipoona. Uso wa rimu zote nne ulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama mtu aliyepona ndui.

"Mnaoshea nini hizi?" akauliza.

Nikamweleza kwa fahari kabisa. Majivu, ndimu, gunia, kila Idd.

Akavua miwani.

"Dada, usimwambie mama nimesema vibaya. Lakini majivu yakikutana na maji yanakuwa makali. Kwanza yalikula ile ngozi ya juu iliyotoka kiwandani. Ngozi ilipokwisha yakaanza kula nyama. Ndiyo maana zilikuwa zinawaka vile. Zilikuwa zinawaka kwa sababu zimechunwa."

"Sufuria mbona tunasugua hivyo hivyo?"

"Sufuria ikiisha unanunua nyingine sokoni. Hii utainunua soko gani?"

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Nilikuwa namuona Mama na beseni lake.

Akaniambia nisivunjike moyo, vishimo vinatibika. Vingine anavisawazisha kwa msasa, vilivyoingia ndani anavijaza kwa kuchomelea aloi juu yake kisha anakereza. Kingo zilizopinda anazipasha moto kwa kiasi na kuzisukuma na jeki, polepole, saa iko pale inapima kila hatua. Upepo ulikuwa unatorokea pale ukingo wa ndani ulipoliwa, na hapo pia pana dawa.

Kilichobaki ni kupima nyufa. Anapaka maji mekundu rimu nzima, anasubiri, anafuta yote, halafu anapulizia unga mweupe. Palipo na ufa, wekundu uliojificha ndani unatoka wenyewe.

Ya kwanza nyeupe. Ya pili nyeupe. Ya tatu nyeupe.

Ya nne, ile ya nyuma kushoto, tukasubiri. Ukatokea mstari mwembamba kama unywele, mwekundu, kutoka kwenye tundu la bolti kuelekea katikati. Halafu mwingine, tundu la pili.

Fundi Saa akaitazama muda mrefu. Akaigeuza, akapitisha kidole kwenye matundu ya bolti.

"Nani anakaza bolti nyumbani?"

"Baba."

"Kwa spana tu?"

"Kwa spana na bomba." Kwa asiyejua: unachomeka bomba refu kwenye mkono wa spana ili upate nguvu zaidi. Baba husema kwenye mlima huu tairi likichomoka hapabaki wa kuhadithia.

"Bomba refu kiasi gani?"

Hilo nilikuwa nalijua kwa kipimo. "Mita moja na robo."

Akatikisa kichwa, akanionyesha viti vya bolti vilivyodidimia. "Mzee alikuwa anaogopa tairi lisichomoke. Kwa kuogopa ameivunja. Hii siigusi."

Nikamwomba aichomelee. Nilimweleza yote, hukumu ya Baba, yule bwana wa Tanga, Mama na boneti. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ukingo nachomelea, dada. Moyo wa rimu sichomelei. Nikichomelea itapendeza, utanishukuru, utaipiga picha. Halafu siku moja mzee yuko kwenye kona za Soni..." Alichukua chaki akaandika kwenye ile rimu, herufi kubwa: ISITEMBEE.

Wakuu, pale ndipo nilipomheshimu. Nilikuwa tayari kumlipa, na nisingejua lolote. Alichagua kunipoteza kama mteja.

Nilipokuwa nafunga daftari akauliza, "Ya tano iko wapi?"

"Spea ni ya chuma."

"Umeiona?"

Tangu utoto nimesikia spea ya gari letu ni ya chuma. Baba husema.

"Sijauliza mzee anasemaje," akasema Fundi Saa. "Nimeuliza kama umeiona."

Mimi, mpima ardhi, ninayewakatalia watu mipaka ya kuambiwa. Niliona aibu hadi masikioni.

Nikapanda Lushoto mchana ule ule.

Buti la Benzi ufunguo anao Mama, kwa sababu tangu gari liegeshwe ameligeuza ghala la mbegu za maharage. Panya hawaingii. Nikamwambia nataka kuangalia spea. Hakuuliza sababu. Baba alikuwa msikitini.

Tukashusha viroba viwili. Tukainua zulia. Chini yake kulikuwa na ubao uliokatwa ukaenea sawasawa, sijawahi kuuona. Tukauinua ubao. Chini ya ubao palikuwa na tairi limefunikwa kwa kanzu ya zamani ya Baba.

Nikavuta kanzu.

Ilikuwa rimu ya aloi. Yenye vitundu vile vile, ila uso wake laini kama ganda la yai, silva iliyotulia, isiyowaka. Haijawahi kuguswa na majivu hata siku moja.

Mama akapitisha kiganja juu yake. Akarudia tena.

"Mbona hii haina vishimo?"

Mama ni mwanamke mwenye akili, hakuhitaji jibu langu. Akatazama mikono yake.

Baba akatokea kwenye kona ya nyumba na tasbihi yake, akatuona, akasimama.

"Hiyo ni ya chuma," akasema.

"Mzee," Mama akasema, "mimi sijazeeka macho."

Baba akaja akakaa kwenye kizingiti cha buti, kati ya viroba vya maharage. Akaeleza. Miaka mingi nyuma alipata pancha njiani, akatoa spea, akaiweka karibu na zile nyingine, akaona tofauti. Akaelewa kinachozila. Akaziba pancha, akairudisha spea ndani, akakata ubao, na kuanzia siku ile akamwambia kila mtu ni ya chuma.

"Ili nisiione," Mama akasema.

"Ili usiione."

"Na majivu ukaendelea kunichekechea mwenyewe! Miaka yote hiyo, unaniacha nasugua."

Baba akazungusha tasbihi. "Ulikuwa unaimba," akasema.

Nikaona bora nimalize kazi ya kuripoti, nisibakize nusu. Nikawaambia aliyoyasema fundi: kwamba majivu yameharibu uso na uso unatibika. Iliyokufa imekufa kwa sababu ya bomba.

"Bomba gani?" Baba akauliza, kana kwamba nyumbani tuna mabomba kumi.

"Lako. La mita moja na robo."

Mama akamgeukia Baba taratibu. Nilidhani atalia. Alicheka hadi akashika kiuno.

"Kumbe mimi nimekula ngozi tu! Mwenzangu umevunja mfupa! Na ukanifichia kosa langu, lako, hilo bomba, umelisimamisha pale nyuma ya mlango mchana kweupe!"

Baba naye akashindwa kujizuia. Sijawahi kumuona akicheka vile tangu astaafu.

Kesho yake nikaishusha ya tano Mombo. Fundi Saa hakusema "nilikwambia". Aliipima kwa saa yake, mshale ukatulia kabisa. Akaifanya ndiyo kielelezo cha rangi: alichanganya silva mara nne hadi ikafanana na ile, siyo ya kuwaka, ya kutulia. Akasubiri asubuhi yenye jua kavu. Praima ya chini, silva, kisha klia ya juu, kila moja ikikauka kwenye tanuri lake alilolitengeneza kwa friji kubwa iliyokufa. Nilipozikuta zimepangwa nne kwenye turubai, nilishindwa kujua ipi ilikuwa ya buti. Nilizikagua moja moja na daftari mkononi. Sikuijua.

Hakuniruhusu kuzichukua hivi hivi. Alipanda nazo mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akatoa spana yenye kipimo, ile inayolia "tak" nguvu ikitosha. Baba akasimama juu yake na mikono nyuma. Tak. Tak. Tak.

"Imekaza?" Baba akauliza.

"Imekaza, mzee."

"Mbona hujatoka jasho?"

"Jasho halikazi bolti, mzee. Jasho linavunja rimu."

Mama akacheka jikoni, tulimsikia.

Tukaliteremsha kutoka kwenye magogo. Baba akaendesha hadi Irente na kurudi, Mama kiti cha mbele, mimi na Fundi Saa nyuma kama wakaguzi. Usukani haukutetemeka. Ijumaa yule bwana wa Tanga alipopiga, nilikuwepo. Baba alimwambia maneno machache tu: "Ndugu yangu, nashukuru. Zimerudi nne."

Funzo kwa wenye magari ya zamani: majivu yaacheni jikoni, rimu zinataka maji, sabuni laini na kitambaa. Bomba msiongeze kwenye spana. Fundi akikukatalia kazi na kukueleza sababu, huyo mshike. Bei sitaandika, kila rimu ina ugonjwa wake. Na kubwa zaidi kwangu, kabla hujasema kitu hakipo, kafungue buti.

Mtauliza ile ya nne, iliyoandikwa ISITEMBEE, iko wapi.

Fundi Saa aliturudishia. Jana ilikuwa siku moja kabla ya Idd. Baada ya alasiri nilisikia mtu anaimba nyuma ya nyumba, nikaenda kuchungulia. Mama alikuwa kwenye kigoda, beseni, ndimu, kipande cha gunia, na ile rimu mbovu imelazwa mbele yake juu ya mkeka. Anaisugua kwa nguvu zake zote. Inawaka.

Baba alikuwa pembeni, anachekecha majivu.

Haya wakuu, mwenye rimu iliyokufa kwa kupendwa sana naye atuambie ilikuwaje. Mafundi pia karibuni, mnirekebishe palipo na kosa la kitaalamu. Nasoma zote, daftari liko wazi.